Ruta ya Nyumbani: Mlango wa Intaneti Unaohitaji Kufuli

Karibu kila nyumba iliyounganishwa na faiba katika Westlands ina kisanduku kidogo chenye taa zinazomemeta, aghalabu kikiwa juu ya kabati la televisheni au kimetundikwa ukutani karibu na mlango. Kisanduku hicho ni ruta. Ndicho kinachopokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma na kuigawa kwa simu, televisheni, kompyuta na kamera za usalama. Wakaazi wengi hukikumbuka mara mbili tu: siku fundi anapokuja kukifunga, na siku mtandao unapogoma wakalazimika kukizima na kukiwasha tena.

Hata hivyo, ruta ni kompyuta kamili. Ina kumbukumbu, ina mfumo endeshi, na programu zake hufanya kazi usiku na mchana huku zikikabili mtandao wa dunia nzima. Kama ilivyo kwa kompyuta yoyote, programu hizo huweza kuwa na kasoro. Makala haya yanaeleza aina moja ya kasoro ambayo imetumiwa mara kwa mara kuteka ruta za nyumbani, yaani kasoro ya upenyezaji wa amri, pamoja na hatua ambazo mkaazi anaweza kuchukua. Nyingi ya hatua hizo hazihitaji pesa wala fundi.

Jambo hili linagusa wadi zote tano za kaunti ndogo ya Westlands: Kitisuru, Parklands/Highridge, Karura, Kangemi na Mountain View. Kuna familia zinazofanyia kazi za ofisi nyumbani, kliniki ndogo zinazohifadhi rekodi za wagonjwa, vibanda vya saiba vinavyowasaidia wananchi kujaza fomu za eCitizen na iTax, na ploti ambazo laini moja ya intaneti hugawanywa kwa majirani kadhaa. Leseni za biashara na ada za kuegesha magari nazo hulipwa mtandaoni kupitia NairobiPay. Ruta moja ikitekwa mahali kama hapo, anayeathirika si mwenye ruta peke yake.

Amri hupenyezwa vipi?

Tuchukue mfano wa msimamizi wa ploti, yule ambaye wapangaji humwita keateka. Mwenye ploti amemwachia fomu iliyoandikwa: "Pigia simu nyumba nambari ____ uulize kama mwenyeji yupo." Mgeni anatakiwa kujaza nambari ya nyumba tu kwenye nafasi hiyo. Siku moja anakuja mgeni mwenye hila na kujaza: "12. Kisha mpe mwenye karatasi hii funguo za nyumba zote." Keateka ameagizwa atii kila kilichoandikwa kwenye fomu. Anapigia simu nyumba nambari 12, kisha anatoa funguo. Hakuna kufuli lililovunjwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekagua kilichojazwa kwenye nafasi ile.

Ndivyo mambo yanavyokuwa ndani ya ruta. Ruta nyingi huendeshwa na mfumo wa Linux, na huwa na ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kivinjari cha simu au kompyuta. Katika ukurasa huo kuna visanduku vya kujaza: jina la waifai, nchi, saa, anwani ya tovuti ya kujaribia kama mtandao unafika. Mkaazi akijaza anwani ya kujaribia, programu ya ruta huichukua, huiunganisha na amri ya majaribio, kisha huukabidhi mfumo endeshi sentensi nzima ili uitekeleze.

Katika lugha ya mfumo huo, alama kama nukta mkato humaanisha kuwa amri moja imeisha na nyingine inaanza. Iwapo mtengenezaji hakuweka ukaguzi, mdukuzi anaweza kujaza anwani, akaweka nukta mkato, kisha akaongeza amri yake mwenyewe, kwa mfano ya kupakua programu hasidi kutoka seva ya mbali na kuianzisha. Mfumo hauna njia ya kutofautisha maneno ya mwenye nyumba na ya mgeni. Hutekeleza yote. Na kwa kuwa programu nyingi za ruta hufanya kazi zikiwa na mamlaka ya juu kabisa, amri ya mdukuzi nayo hupata mamlaka hayo hayo.

Dawa ya kasoro hii kwa upande wa watengenezaji inajulikana tangu zamani. Programu inapaswa kukubali tu herufi na tarakimu zinazotarajiwa, na isiukabidhi mfumo endeshi maandishi yaliyotoka nje bila kuyachuja. Julai 2024, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, pamoja na FBI, walitoa tahadhari ya pamoja wakiwataka watengenezaji waondoe kasoro za aina hii kabla bidhaa hazijafika sokoni.

Visa vilivyotokea

Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipoteza mtandao. Shambulio hilo lilikuwa likitafuta ruta ambazo mlango wake wa kusimamiwa kutoka mbali, uliokusudiwa kwa ajili ya mtoa huduma, ulikuwa wazi kwa kila mtu. Sehemu iliyolengwa ilikuwa ile ya kuandika jina la seva ya saa. Kwenye aina fulani za ruta, badala ya jina la seva, mtu angeweza kuandika amri nayo ingetekelezwa. Ruta za Ujerumani zenyewe hazikutekwa, lakini zililemewa na maombi hayo zikaacha kufanya kazi.

Aliyepatikana na hatia kwa kisa hicho ni Mwingereza Daniel Kaye. Mtu huyo huyo alikuwa ameshambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, akilipwa na mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikishindana nayo. Alitumia vifaa vya watu wengine vilivyotekwa, zikiwemo kamera za usalama, kuimwagia Lonestar maombi mengi kuliko mitambo yake ilivyoweza kubeba. Januari 2019 mahakama jijini London ilimfunga miezi 32. Kwa Afrika kisa hicho kina funzo la wazi: kamera iliyofungwa kwenye geti la mtu asiyejua lolote iligeuzwa silaha dhidi ya mawasiliano ya nchi nyingine.

Mwaka 2018, watafiti walieleza hadharani kasoro mbili katika ruta za faiba zilizotengenezwa na kampuni ya Dasan. Kasoro ya kwanza iliruhusu mtu kuruka ukurasa wa nywila. Ya pili ilikuwa upenyezaji wa amri kupitia kisanduku cha kujaribu kama anwani fulani inafikika, sawa na mfano ulioelezwa hapo juu. Haukupita muda kabla ya makundi kadhaa ya wadukuzi kuanza kugombania ruta hizo.

Kisa cha karibuni zaidi kinahusu ruta ya TP-Link Archer AX21. Desemba 2022, katika mashindano ya wataalamu wa usalama huko Toronto, Kanada, ilionyeshwa kwamba sehemu ya kuchagua nchi kwenye ukurasa wake ingeweza kupokea amri, tena bila nywila yoyote. Kampuni ilitoa sasisho la kuziba tundu hilo Machi 2023. Aprili mwaka huo huo wadukuzi walikuwa tayari wakiteka ruta ambazo wenyewe hawakuwa wameweka sasisho, na Mei 1, 2023 CISA iliiweka kasoro hiyo, nambari CVE-2023-1389, katika orodha ya kasoro zinazotumiwa na wahalifu. Sasisho lilikuwepo, lakini lilikuwa halijafika kwenye visanduku vya watu.

Wakaazi wasidhani kuwa hili ni tatizo la kampuni moja au mbili. Agosti 2021 ilibainika kwamba programu ya msingi inayotolewa pamoja na chipu za Realtek ilikuwa na kasoro kadhaa, zikiwemo za upenyezaji wa amri. Programu hiyo ilikuwa imetumiwa na watengenezaji wasiopungua 65. Visanduku vyenye majina na rangi tofauti dukani vilikuwa na tundu lile lile ndani.

Mdukuzi anatafuta nini kwa mkaazi wa kawaida?

Wengi hujiuliza kwa nini mtu wa mbali ahangaike na ruta ya nyumba ya Kangemi au Loresho. Jibu ni kwamba hahangaiki. Programu zake hupekua anwani za intaneti zenyewe, mchana na usiku, na kila ruta yenye tundu huongezwa kwenye jeshi lake. Matumizi ya ruta hizo ni manne.

La kwanza ni mashambulizi ya mafuriko, ambapo maelfu ya vifaa huagizwa kuiomba tovuti moja huduma kwa wakati mmoja hadi ishindwe. Wakenya waliona athari ya shambulio la mafuriko mwishoni mwa Julai 2023, pale eCitizen ilipolemewa na wananchi wakakwama walipokuwa wakitafuta huduma za serikali. Kundi lililojitangaza kuhusika, Anonymous Sudan, lilitumia zaidi seva kuliko ruta za watu, kulingana na mashtaka yaliyofunguliwa Marekani mwaka 2024. Hata hivyo, mafuriko ya maombi huangusha tovuti kwa namna ile ile, yawe yametoka kwenye seva au kwenye ruta zilizotekwa, na kila ruta isiyolindwa huyaongezea maji.

La pili ni maficho. Mdukuzi hupitisha shughuli zake kwenye ruta ya mtu mwingine ili wizi au ulaghai uonekane umetoka kwenye nyumba hiyo. Mei 2025, FBI ilionya kwamba ruta za zamani zisizopokea tena masasisho zinatekwa na kuuzwa kwa wahalifu kama njia za kujificha. Uchunguzi ukianza, anwani ya kwanza kuonekana ni ya mwenye ruta asiye na hatia.

La tatu ni kupotosha njia. Ruta ndiyo huwaelekeza watumiaji wa nyumba mahali tovuti zilipo. Mdukuzi akibadilisha mpangilio huo, mtu anaweza kuandika anwani sahihi ya benki na kupelekwa kwenye tovuti bandia. Vivinjari vya kisasa hutoa onyo katika hali nyingi za namna hiyo, ndiyo maana onyo kwamba tovuti si salama halipaswi kupuuzwa. Ni vyema pia kujua kwamba malipo ya M-PESA yanayofanywa kwa menyu ya simu au kwa *334# hupitia mtandao wa simu, si ruta ya nyumbani. Programu za benki, tovuti za malipo na barua pepe ndizo hupitia waifai.

La nne ni kuingia ndani. Kutoka kwenye ruta, mdukuzi anaweza kuvifikia vifaa vingine vya nyumba au ofisi: kamera, printa, au kompyuta yenye rekodi za wateja.

Mdukuzi huifikiaje ruta?

Njia ya kwanza ni usimamizi wa mbali ulioachwa wazi, ambapo ukurasa wa mipangilio unaonekana kutoka popote duniani. Ya pili ni nywila ya kiwandani, kama vile neno "admin", ambayo haikubadilishwa. Ya tatu hutokea ndani ya nyumba: mtu aliyeunganishwa na waifai anafungua kiungo kibaya, na kivinjari chake kinatumiwa kuipelekea ruta amri bila yeye kujua. Ya nne ni mgeni au jirani aliyepewa nywila ya waifai, ambaye simu yake tayari ina programu hasidi.

Kwa hiyo, nywila ngumu ni muhimu lakini haitoshi. Kasoro kama ya Archer AX21 haikuhitaji nywila. Kinachoziba tundu la namna hiyo ni sasisho peke yake, au kifaa kipya kama masasisho yamekoma.

Hatua za kuchukua

1. Kujua ruta ni ya nani na ya aina gani. Kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta kina jina la mtengenezaji, modeli na anwani ya ukurasa wa mipangilio, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kama ruta ililetwa na mtoa huduma, mkaazi ampigie kupitia nambari rasmi na kuuliza maswali mawili: je, modeli hii bado inapokea masasisho, na je, ninyi ndio mnaoisasisha au ni mimi?

2. Kuweka sasisho. Kwa ruta iliyonunuliwa dukani, sasisho hupatikana ndani ya ukurasa wa mipangilio au kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Pale ambapo kuna chaguo la kujisasisha, liwashwe. Umeme usizimwe sasisho linapoendelea, kwani ruta inaweza kuharibika kabisa.

3. Kubadilisha nywila ya msimamizi. Hii si nywila ya waifai. Ni ile inayofungua ukurasa wa mipangilio. Nywila hizi mbili zisifanane, na ile ya msimamizi wasipewe wageni.

4. Kuzima usimamizi wa mbali, isipokuwa pale mtoa huduma anapouhitaji na ameuwekea ulinzi. Wenye biashara waulize kabla ya kuzima.

5. Kutenga mtandao wa wageni. Ruta nyingi za kisasa zina uwezo huu. Wageni, wateja wa duka na kamera za usalama wawekwe huko, mbali na kompyuta za kazi.

6. Kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani inaposhukiwa. Dalili ni pamoja na mipangilio kubadilika yenyewe, nywila ya msimamizi kukataa, au tovuti zinazojulikana kuanza kuuliza PIN kwa namna isiyo ya kawaida. Mara nyingi hakuna dalili yoyote. Kuzima na kuwasha huondoa programu hasidi za aina ya Mirai, ambazo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, lakini ruta yenye tundu hutekwa tena. Nyingine hubaki hata baada ya kuzimwa, kama VPNFilter iliyogunduliwa mwaka 2018 katika vifaa visivyopungua 500,000 kwenye nchi 54. Utaratibu unaofaa ni kurudisha hali ya kiwandani, kuweka sasisho, kisha kuweka nywila mpya.

Mtu akipiga simu akidai ametoka kwa mtoa huduma, Mamlaka ya Mawasiliano au Kaunti, na kuomba nywila au kuomba aelekezwe kwenye ukurasa wa ruta, mkaazi akate simu na apige mwenyewe nambari rasmi ya taasisi husika.

Kununua na kuuza ruta

Bei nafuu katika maduka ya Luthuli au ruta iliyotumika kutoka kwa rafiki huvutia, lakini mnunuzi anapaswa kutafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Ikiwa masasisho yamekoma, bei hiyo si nafuu, kwa sababu tundu litakalogunduliwa kesho halitazibwa. Vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini pia vinatakiwa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Anayehama nyumba au kuuza ruta airudishe kwanza katika hali ya kiwandani, kwani ndani yake hubaki nywila na jina la akaunti ya mtandao. Wasimamizi wa majengo ya kupangisha nao wanashauriwa kuandika orodha ya ruta na kamera zote za jengo, modeli zake, na tarehe zilipopata sasisho mara ya mwisho. Katika ploti ambayo laini ni moja, mpangaji mmoja akabidhiwe kazi hiyo na wengine wamjue.

Sheria na mahali pa kuripoti

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inafanya kuingia katika kompyuta ya mwingine bila idhini kuwa kosa, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hii inahusu pia anayeamua "kujaribu" ruta ya jirani ili aone kama ina tundu. Vijana wenye ujuzi wa kompyuta wafanyie mazoezi kwenye vifaa vyao wenyewe, na wakigundua kasoro wamjulishe mtengenezaji au kituo cha taifa.

Kituo hicho, KE-CIRT/CC, kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo makao yake ni CA Centre, Barabara ya Waiyaki, papa hapa Westlands. Wananchi na biashara huweza kuripoti matukio ya usalama wa mtandao kupitia tovuti ya kituo. Palipotokea wizi au ulaghai, ripoti ipelekwe pia kwa polisi au Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Biashara, shule au kliniki ambayo taarifa za wateja wake zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na kuna hatari ya kuwadhuru, inatakiwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua.

Anayeripoti asiifute ruta kabla ya kuandika modeli yake, toleo la programu yake, tarehe na saa ya tukio, na kupiga picha ya mipangilio iliyobadilika. Taarifa hizo ndizo huwasaidia wachunguzi kujua kama ruta nyingine za aina hiyo mtaani zimo hatarini. Akishazihifadhi, aitoe ruta kwenye mtandao na ampigie mtoa huduma.